Wagonjwa wa Ijumaa

Gladwell Gathoni hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Alikunywa amesimama, mkono mmoja ukifunga vifungo vya koti jeupe, mdomo ukimwuliza msaidizi wake Wilkista ni wangapi wako nje, na chai iliyobaki ilipoa dirishani mpaka nzi wakaipata. Kliniki yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo mjini Kitale. Wagonjwa waliopanda zile ngazi wameshika shavu walimsikia kabla ya kumwona. "Fungua! Zaidi! Ama unataka niingie kwa sikio?" Watu walimvumilia kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi. Jino lilitoka kabla hujamaliza kuogopa.

Alikuwa na miaka saba wazazi wake walipohama kutoka Murang'a kuja Kiminini, kwenye shamba la mzungu lililogawanywa vipande vipande. Akasoma, akaenda Nairobi miaka mitatu, akarudi na diploma. Kwa vyeti hakuwa daktari hasa, alikuwa afisa wa afya ya meno, lakini nenda ukamweleze hivyo mtu ambaye jino limemnyima usingizi siku nne. Serikali ilimtuma Bungoma, akakaa huko miaka kumi, na alipoacha kazi na kufungua kliniki yake Kitale mwaka wa tisini na nne, wale wa Bungoma walimlilia sana. Ndipo akakodi chumba karibu na soko lao, akawa anawaendea kila Jumamosi na pikapu ya mumewe Kibe.

Alipofundishwa kazi, mtu alinawa kwa sabuni na kuingia mdomoni kwa vidole vitupu. Glavu zilikuwa za madaktari wa upasuaji, watu wa maana. Kisha ukimwi ukaja, ukazika majirani, ukazika wanakwaya wenzake wawili, na Gladwell akaogopa kama kila mtu. Tofauti ni kwamba hofu yake aliipangia ratiba. Alijisadikisha kuwa anaweza kumtambua mwenye ugonjwa kwa kumtazama: mashavu yaliyoingia ndani, ukurutu shingoni, utando mweupe kwenye ulimi. Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa kujiamini, jambo ambalo ni baya kuliko kukosea kwa wasiwasi.

Akimshuku mtu, alimwambia Wilkista kwa sauti ya chini, "Huyu ni wa Ijumaa." Basi. Mtu huyo alirudishwa nyumbani na uchungu wake, hata kama ni Jumatatu, aje Ijumaa baada ya saa nane wengine wakishaondoka. Siku hiyo Gladwell alivaa glavu mbili mbili. Koleo za Ijumaa zilifungwa utepe mwekundu mpinioni, zikachemshwa saa nzima katika sufuria yao, kisha zikalala ndani ya Jik, ile dawa kali ya kung'arisha nguo, mpaka Jumatatu. Koleo za siku nyingine, zile za watu wanene na wacheshi, zilioshwa kwa sabuni, zikachemshwa kama kuna nafasi, na foleni ikiwa ndefu zilipitishwa kwenye spiriti tu. Glavu za siku hizo zilinawishwa kwa Dettol kati ya mgonjwa na mgonjwa, zikavaliwa mpaka zikalegea. Mji ulijua. Ukiambiwa "njoo Ijumaa" kwa Daktari Gladwell, ulishuka zile ngazi umeinamisha kichwa, na wengine hawakurudi kabisa, walikwenda kukaa na jino lao.

Mwaka wa elfu mbili na nne kijana mmoja wa chuo alipita na fomu. Alikuwa anawauliza watu wa meno wanajua nini kuhusu virusi vinavyokaa kwenye damu. Gladwell aliijaza amesimama, dakika tatu, kalamu ikikimbia. Ukimwi aliujibu vizuri. Penye homa ya ini aina ya B aliandika kuwa huletwa na maji machafu. Palipoulizwa kama amechanjwa aliweka alama ya ndiyo, akifikiria ile chanjo ya utotoni iliyomwachia kovu begani. Kijana alimshukuru, akaenda na fomu yake, na mambo yakaendelea kama kawaida.

Yakaendelea hivyo mpaka Jumamosi moja ya Machi, mwaka wa elfu mbili na sita, chumbani Bungoma, alipoketi kitini Mzee Mukhisa.

Mukhisa alikuwa karani mstaafu wa ofisi ya ardhi, mtu wa tai na kalamu mfukoni, mgonjwa wa Gladwell tangu enzi za kazi yake ya serikali. Alikuja na mkewe Joy. Safari hii alikuwa amekonda. Gladwell aliliona hilo, akasita, lakini huyu alikuwa Mukhisa, mzee wa kanisa, angemwambiaje aje Ijumaa? Tena Ijumaa yenyewe ilikuwa Kitale. Akapiga sindano ya ganzi. Gego la chini likakataa, akapiga ya pili, na kwa haraka zake akarudisha kifuniko kwenye sindano kwa mikono miwili, kama alivyofanya maelfu ya mara. Sindano ikapita kando ya kifuniko na kuzama kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto.

Hakusimama. Jino lilikuwa limeshalegea nusu, damu inatoka, mzee ameshika mikono ya kiti. Aliendelea, kidole kile kile ndani ya mdomo kikishikilia taya, mpaka gego likatoka na mizizi yake yote. Alipovua glavu aliikuta imechanika nchani na imejaa damu kwa ndani. Hiyo damu ya ndani ilikuwa yake.

Basi hofu ikamshika, na hofu ya Gladwell haikuwa na adabu. Alimtazama mzee, akatazama ile shingo iliyokonda, akasema mbele ya mkewe, "Mzee, lazima tuende upimwe. Sasa hivi."

"Nipimwe nini?" Mukhisa aliuliza, pamba ikiwa mdomoni.

"Damu. Sindano yako imenidunga."

Joy alisimama. "Daktari, unasema mzee yangu ana nini? Huyu amekonda juu ya sukari, daktari mwenyewe alimkataza ugali. Si ungeuliza?"

"Mimi siwezi ngoja kuuliza, Mama Hesbon. Dawa ya kuzuia hii kitu ina masaa yake."

Walikwenda, wote watatu kwenye pikapu. Pale hospitalini kulikuwa na nesi aitwaye Bilha, mwanamke mpole asiye na haraka, jambo lililomkera Gladwell mara moja. Aliwaketisha, akaongea na kila mmoja peke yake, akamtoa damu mzee, na Gladwell pia. Gladwell akashangaa. Yeye wa nini?

"Lazima tujue ulikuwa aje kabla ya hii ajali," Bilha alisema. Baada ya nusu saa majibu yakatoka: hakuna mwenye ukimwi. Gladwell alicheka kwa sauti kubwa mpaka watu wa foleni wakageuka. Mukhisa hakucheka. Alifunga kifungo cha mkono wa shati, akasema, "Miaka thelathini na mbili mke mmoja, na leo nimepelekwa kama mwizi." Gladwell alimwomba msamaha, lakini aliuomba upesi upesi, kwa sababu tayari alikuwa anatafuta funguo za gari.

"Bado ya ini," Bilha akasema.

"Ini gani?"

"Homa ya ini, aina ya B. Hiyo inaenda maabara, majibu ni Jumanne."

"Hiyo si ni ya maji chafu?"

Bilha aliweka kalamu chini. "Hapana, Daktari. Hiyo ya maji ni ingine. Hii ni ya damu, na inashika haraka kuliko ukimwi, mara nyingi. Hata damu ikikauka kwa meza, inakaa siku karibu saba bado iko hai. Nyinyi watu wa meno ndio ningefikiria mnajua. Umechanjwa?"

Gladwell akafungua mdomo kusema ndiyo, akakumbuka kovu la begani, akaufunga.

Siku tatu zilizofuata hazikumfaa mtu yeyote. Jumapili kanisani alitoka nje mara mbili. Jumatatu alimfokea Wilkista kwa kuchelewa dakika tano, kisha akamfokea kwa kusema pole. Alitafuta vitabu vyake vya chuo, akakuta ukurasa mmoja kuhusu ini, amepiga mstari chini ya maneno kwa kalamu nyekundu mwaka wa themanini na mbili. Alikuwa amefundishwa! Alikuwa amefaulu mtihani wake! Alikifunga kitabu kwa hasira, halafu akawa anamwaza Mukhisa na kumlaumu moyoni: mzee yule na sukari yake, kumbe ana ini bovu, na sasa atanimaliza.

Jumanne alipiga simu. Bilha alisema hatoi majibu kwa simu, aje. Gladwell alifunga kliniki saa nne asubuhi wagonjwa wakiwa kwenye benchi, akaendesha pikapu mpaka Bungoma bila kuwasha redio.

"Mzee Mukhisa hana kitu," Bilha alisema baada ya kufunga mlango. "Yeye amekubali mwenyewe nikuambie. Ako safi."

"Asante Yesu."

"Wewe ndio uko nayo."

Gladwell alisikia, lakini akili ilikataa kupokea. Akasema sindano ilimdunga Jumamosi tu. Bilha akasema ndiyo, na damu ilitolewa Jumamosi hiyo hiyo, saa moja baadaye, ugonjwa hauwezi kuota kwa saa moja. Huu ulikuwamo. Pengine miaka mingi. Pengine tangu utotoni, pengine kazini, katika vile vidole vitupu vya zamani, hakuna wa kujua. Watu wengi hukaa nao wanene na wacheshi, hawaumwi popote. Ini lake lingechunguzwa, kuna dawa, kuna watu wanaoishi nao hadi uzee. Bilha aliyasema haya taratibu, na Gladwell alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe mapajani.

"Daktari. Ulisema glavu ilipasuka ukiwa bado ndani ya mdomo yake."

"Ndiyo."

"Na ulitoka damu."

"Ndiyo, Sista. Nilitoka damu."

"Basi sasa si wewe wa kuogopa sindano yake. Ni yeye wa kuogopa kidole yako. Achanjwe haraka, siku saba zisiishe, na leo ni ya tatu. Chanjo iko hapa. Nimuite mimi, ama utamwambia?"

"Nitamwambia mimi," Gladwell alisema, na alimaanisha. Nyumba ya Mukhisa ilikuwa Kanduyi, pale pale njiani. Alifika kwenye njia panda, akaweka ishara ya kukata kona, akasimama kando, injini ikinguruma. Aliona bati la nyumba yao nyuma ya miti ya mikaratusi. Alikuwa amemburuta mtu yule hospitalini mbele ya mkewe. Sasa aingie sebuleni kwake na kusema nini? Akajiambia mzee hana kitu, majibu si yamesema hana kitu? Akajiambia kidole kilitoka damu kidogo tu. Akajiambia kesho. Akazima ile ishara, akaenda zake mpaka Kiminini, na njia nzima aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jioni hiyo alimkuta Kibe akikamua. Alisimama kwenye mlango wa zizi, akamwambia yote kwa pumzi moja, kwa sababu Kibe naye ilibidi apimwe, na watoto wao pia. Kibe alikuwa mtu wa maneno machache, angeweza kukaa siku nzima na ng'ombe bila kuona amepungukiwa. Alimaliza chuchu aliyokuwa ameishika, akasogeza ndoo.

"Mimi nitaenda kesho," alisema. "Na huyo mzee, amejua?"

"Bado."

"Kwa nini bado, Mama Ciru?"

Gladwell aligeuka pale mlangoni. Akaingia jikoni, akaunguza ugali.

Jumatano alifika kliniki kabla ya Wilkista. Alimwaga spiriti yote kwenye sinki. Alipochemsha koleo, alichemsha zote pamoja, saa nzima, na foleni ikanung'unika mpaka ngazini. Alimwita Wilkista kando akamwambia ukweli, na Wilkista, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akiosha vifaa vya watu "wazuri" kwa mikono mitupu, aliuliza, "Na mimi, nani ataniangalia?" Gladwell akamwandikia barua ya maabara hapo hapo na kumtuma aende. Saa tano akaingia mama mmoja mwembamba kutoka Kipsongo, Chepkemoi, taya imevimba, ambaye Jumatatu alikuwa ameambiwa arudi Ijumaa. "Nimeshindwa kungoja, Daktari," alisema akiwa bado mlangoni, tayari kufukuzwa. Gladwell alimshika mkono akamketisha. Jino lilitoka. Mama yule alilia kidogo, si kwa uchungu, na Gladwell hakuweza kumtazama usoni.

Lakini yote hayo yalikuwa ya kukwepa, na alijua. Unaweza kuchemsha koleo mpaka ziyeyuke, Mukhisa bado amekaa Kanduyi hajui kitu. Usingizi ulimpaa. Alhamisi, siku ya tano, aliamka kabla ya jogoo, akaoga, akavaa nguo ya kanisani, akaivua, akavaa ya kazi. Saa nne na nusu alikuwa uani kwa Mukhisa.

Joy alikuwa akianika mahindi. Alimwona, akaendelea kuanika. "Daktari. Kuna kingine tumekosa?"

"Hapana, Mama Hesbon. Ni mimi nimekosa."

Wakaingia. Mukhisa alikuwa anasoma gazeti, miwani kwenye pua. Aliinuka kumsalimu kwa heshima kama kawaida yake, na heshima ile ilimwumiza Gladwell zaidi ya matusi. Hakukubali kuketi, kisha akaona atakuwa anawazungumzia kutoka juu, akaketi. Akawaambia. Aliwaambia kuhusu sindano, glavu, kidole, maabara, kwamba mwenye ugonjwa ni yeye, na kwamba alijua tangu Jumanne.

"Jumanne," Mukhisa alisema. "Leo ni Alhamisi."

"Nilifika hapo kwa njia panda, Mzee. Nikarudi."

"Kwa nini ulirudi?"

"Niliona haya. Na niliogopa."

Mukhisa alivua miwani. "Siku ile ulitaka damu yangu, hukungoja hata pamba itoke kwa mdomo. Lakini damu yako mimi nimeingojea siku mbili." Hakupaza sauti. Gladwell hakujitetea, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kukaa kimya alipokuwa akisemwa. Machozi yalitaka kutoka, akayazuia, kwa sababu hakuona ana haki ya kuyatoa katika nyumba ile.

"Hiyo chanjo itasaidia?" Mukhisa aliuliza hatimaye.

"Bado kuna wakati. Ni sindano tatu, ya kwanza ni leo. Sista Bilha anatungoja. Sikudanganyi kwamba ni hakika, lakini inasaidia sana."

Mzee alikunja gazeti mara mbili, akaliweka juu ya meza. "Basi ngoja nichukue koti." Akaingia chumbani.

Gladwell akapumua. Alikuwa amefikiria sehemu ngumu ni hiyo. Joy alikuwa amekaa bila kusogea, vumbi la mahindi mikononi, macho yake yakiwa mbali.

"Daktari," alisema polepole. "Umesema hii kitu inaweza kuwa ndani ya mwili yako kutoka zamani."

"Ndiyo."

"Hesbon ulimng'oa meno mawili akiwa darasa la sita. Nilikuwa nimeshika kichwa yake. Wakati huo hukuwa unavaa glavu. Alikuuma kidole, ukatoka damu, ukacheka, ukamwambia ni mbwa."

Gladwell alikumbuka. Alikuwa ameisimulia hadithi hiyo mara nyingi kwenye sherehe, na watu walicheka.

"Na dada yake Dinah pia," Joy alisema. Alipangusa mikono kwenye leso, akachukua simu juu ya kabati, akabonyeza, akaiweka sikioni. "Hesbon? Uko shule? Toka nje kidogo. Hapana, baba yako ako sawa. Toka tu nje." Akaitoa sikioni, akamnyooshea Gladwell. "Shika. Mwambie wewe."

Gladwell aliipokea kwa mikono miwili. Upande wa pili, Eldoret, alikofundisha Hesbon, kulisikika watoto wakicheza uwanjani na sauti ya mwanamume ikiuliza, halo, halo, nani huyo?

"Hesbon, ni Daktari Gladwell. Yule wa meno."

"Ai, Daktari! Habari ya miaka mingi? Bado unang'oa watu?"

"Nataka unisikize mpaka mwisho," Gladwell alisema. "Usikate."

Joy alikuwa amevuta daftari la mzee na kalamu. Aliandika Dinah, akafikiri, akaandika mtoto wa shemeji yake, kisha wale mapacha wa jirani waliopelekwa kung'olewa meno pamoja na Dinah siku moja ya mvua. Mukhisa alitoka chumbani amevaa koti, akasimama nyuma ya mkewe akisoma, na akamtajia mwingine. Gladwell alikuwa bado anaongea na Hesbon walipofika jina la saba.